Namna ya Kufuatilia Uteuzi wa Viongozi wa Tume ya Haki za Binadamu, Kuanzia Tangazo Hadi Kiapo

Tarehe 30 Juni 2024, katikati ya maandamano ya vijana dhidi ya Muswada wa Fedha, Rais wa Kenya alisema katika mahojiano ya televisheni kwamba watu 19 walikuwa wamepoteza maisha. Siku iliyofuata, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa taarifa yake ikisema waliokufa ni 39 na waliojeruhiwa ni 361. Anayetaka kuelewa kwa nini uteuzi wa makamishna ni jambo la kupigania angeanza na tarakimu hizo mbili, kwa sababu tume inayosema 39 siku moja baada ya mkuu wa nchi kusema 19 ni lazima iwe na watu wasiodaiwa fadhila na aliyewateua.

Kwa kawaida macho ya umma hufunguka siku majina yanapotangazwa. Siku hiyo kila mtu huwa na la kusema: huyu aligombea ubunge akashindwa, yule ni shemeji wa waziri, wa tatu hajawahi kuonekana popote mtu alipoonewa. Maneno hayo huenda ni kweli, lakini maji yamekwisha kumwagika. Uteuzi huharibika mapema zaidi, katika mambo yasiyo na mvuto wa habari, kama vile tangazo lenye siku chache za kuomba, vigezo vilivyoandikwa kwa maneno yanayonyumbulika, au jopo lililojaa watumishi wa wizara. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya raia, wanasheria na asasi ndogo za kiraia wanaotaka kuingilia kati wakati bado kuna la kuokoa. Umeegemea zaidi sheria ya Kenya, ambayo imepangwa kwa hatua zinazoweza kufuatwa moja baada ya nyingine, na pale inapofaa unailinganisha na ya Tanzania.

Kipimo unachopaswa kukishika mkononi

Kabla ya kulaumu utaratibu wowote, jua unaupima kwa nini. Kipimo kinachokubalika duniani ni Kanuni za Paris, ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha Desemba 1993 kwa azimio namba 48/134. Utekelezaji wake hukaguliwa na Kamati Ndogo ya Ithibati ya muungano wa kimataifa wa taasisi za kitaifa za haki za binadamu, na kila tume hupitiwa upya baada ya miaka mitano. Inayotimiza kanuni kikamilifu hupewa daraja A, na inayotimiza kwa sehemu hupewa B. Tume ya daraja A huweza kusimama kwa jina lake yenyewe katika Baraza la Haki za Binadamu mjini Geneva, jambo ambalo serikali nyingi hulionea fahari hata zile zisizopenda tume zao.

Kuhusu uteuzi, kamati hiyo imeandika ufafanuzi unaojulikana kama Maoni ya Jumla 1.8, na ndio unaopaswa kuuchapisha na kuuweka ndani ya faili lako. Unataka nafasi zitangazwe kwa upana. Waombaji watafutwe kutoka makundi mbalimbali ya jamii. Wadau washirikishwe kuanzia maombi hadi uteuzi. Waombaji wapimwe kwa vigezo vilivyowekwa mapema na kuwekwa wazi. Na anayeteuliwa atumikie kwa nafsi yake, si kwa niaba ya chombo alikotoka. Ukiandika barua kwa jopo au kwa Bunge, taja kipengele mahususi kilichokiukwa. Malalamiko kwamba "uteuzi haukuwa wa haki" hujibiwa kwa sentensi moja ya karani, lakini malalamiko kwamba vigezo vya kutoa alama havikutangazwa kabla ya usaili humlazimu mtu kujibu hoja.

Kipimo hiki hakiishii kwenye karatasi. Nchini Nepal, Desemba 2020, serikali ilitumia amri ya dharura kupunguza akidi (idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali) ya baraza la kikatiba linalopendekeza majina, Bunge likavunjwa, na Februari 2021 makamishna wapya wakaapishwa bila kusailiwa bungeni. Oktoba 2022 Kamati Ndogo ya Ithibati ilipendekeza tume hiyo ishushwe daraja. Zingatia kilichobadilishwa kwanza: ni akidi, kifungu ambacho si watu wengi wangekisoma siku kilipochapishwa.

Jopo ndilo mlango

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako nyingi, ingawa ndipo asasi nyingi hufika zikiwa zimechelewa.

Nchini Kenya, Ibara ya 250 ya Katiba ya 2010 inasema makamishna watatambuliwa na kupendekezwa kwa namna itakayowekwa na sheria, wataidhinishwa na Bunge la Taifa, kisha watateuliwa na Rais. Sheria ya mwaka 2011 iliyounda tume ya sasa inaweka mwenyekiti na wajumbe wengine wanne, na inataka kuwepo kwa jopo la uteuzi linalotangaza nafasi, kuchuja waombaji, kuwasaili na kupeleka majina kwa Rais. Rais huchagua kutoka orodha hiyo na kuyapeleka majina bungeni. Maana yake ni kwamba Rais hawezi kumteua mtu ambaye jopo halikumpitisha, na Bunge haliwezi kumwidhinisha mtu ambaye halikuletewa. Jopo likiwa bovu, walio juu yake hubaki kuchagua kati ya wabovu.

Kwa hiyo swali la kwanza si nani ameomba, ni nani anayechuja. Pata majina ya wajumbe wa jopo pindi yanapochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kwa kila mmoja, andika mambo matatu: ameletwa na chombo gani, ana kazi gani nyingine kwa sasa, na kama ana uhusiano wa kikazi, kifamilia au kibiashara na yeyote anayetajwa kuwa mwombaji. Kisha hesabu ni wangapi wanalipwa mshahara na Serikali Kuu. Wakizidi nusu, sema hivyo kwa maandishi siku hiyo hiyo, kabla ya tangazo, kwa sababu baada ya hapo itaonekana unalalamika kwa niaba ya mwombaji fulani. Andikia pia chama cha kitaaluma au chombo cha watu wenye ulemavu chenye nafasi katika jopo, uulize kilimpataje mwakilishi wake. Nimeona mara kadhaa chombo kikilalamikia usiri wa serikali huku chenyewe kikimchagua mjumbe wake kwa simu mbili za usiku.

Tanzania njia ni nyingine. Ibara ya 129 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kuteua makamishna wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora baada ya kushauriana na Kamati ya Uteuzi. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni Jaji Mkuu, na wajumbe ni Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano, Jaji Mkuu wa Zanzibar na Spika wa Baraza la Wawakilishi, huku Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiwa katibu. Ni kamati ya watu wazito, na faida yake ni kwamba pande zote mbili za Muungano zimo ndani. Hata mwenyekiti wa tume na makamu wake hawawezi kutoka upande mmoja. Hata hivyo, hakuna kiti cha asasi za kiraia, katibu ni mwanasheria wa Serikali ile ile ambayo tume inatakiwa kuichunguza, na mashauriano si sawa na idhini. Wala Bunge halina hatua yake ya kumsaili anayependekezwa.

Kwa raia wa Tanzania, basi, kazi iko kwa Kamati ya Uteuzi, na inapaswa kufanyika kabla nafasi haijawa wazi. Hakuna kinachozuia asasi kuiandikia kamati kupitia katibu wake, ikiomba nafasi zitangazwe, vigezo viwekwe wazi na wasifu wa waliofikiriwa uchapishwe. Ukikataliwa, barua ya kukataliwa ni kielelezo utakachokihitaji pale tume itakapopitiwa upya na Kamati Ndogo ya Ithibati, ambayo hupokea taarifa za asasi za kiraia. Ukikosa jibu kabisa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakupa njia ya kuomba rasmi, na mwenye taarifa ana siku 30 za kujibu. Kenya nayo ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2016, ambapo muda ni siku 21. Siku 21 zinaweza kuwa ndefu kuliko mchakato wenyewe, kwa hiyo peleka ombi la fomu za alama na vigezo siku tangazo linapotoka, usisubiri matokeo.

Kuna mfano wa tatu unaofaa kujadiliwa na yeyote anayeandaa mapendekezo ya kubadili sheria. Afrika Kusini, kwa mujibu wa kifungu cha 193 cha Katiba yake, majina huandaliwa na kamati ya Bunge ambamo vyama vinawakilishwa kwa uwiano wa viti vyao, kisha Bunge hupiga kura na wingi wa wabunge wote unahitajika kabla ya Rais kuteua. Wanasiasa bado wamo, tena wengi, lakini wanaangaliana.

Kulisoma tangazo

Tangazo la nafasi husomwa na wengi kama tangazo la kazi. Lisome kama mkataba. Kata lile la gazetini ulihifadhi, kwa sababu nakala za mtandaoni hubadilishwa au hupotea. Andika pembeni tarehe lilipotoka, tarehe ya mwisho ya kuomba na idadi ya siku za kazi zilizo katikati. Ukikuta limetoka Ijumaa kabla ya sikukuu na kufungwa wiki inayofuata, umekwisha kupata hoja yako ya kwanza.

Kisha angalia vigezo. Sentensi kama "awe mtu mwenye hekima na anayeheshimika katika jamii" haimpimi mtu yeyote. Inampa mchujaji uhuru wa kumpenda anayempenda. Kigezo kinachopimika husema, kwa mfano, kwamba mwombaji awe na uzoefu wa miaka kadhaa iliyotajwa katika utetezi wa haki, sheria au utawala, na aoneshe kwa vielelezo kazi aliyoifanya kulinda haki za watu walioathiriwa na vyombo vya dola. Angalia vilevile masharti ya kutostahili. Tangazo linapaswa kueleza wazi kwamba mbunge au kiongozi wa chama cha siasa hawezi kuomba akiwa bado na wadhifa huo. Binafsi ningetaka na mwanya wa muda kati ya kuacha siasa na kuomba, kwani barua ya kujiuzulu uongozi wa chama huandikwa kwa dakika tano.

Usisahau kuuliza tangazo limemfikia nani. Magazeti mawili ya Nairobi yanatosheleza sheria, lakini hayamfikii mwanasheria wa kijijini Tana River au mwalimu asiyeona wa Kakamega. Liombe jopo litangaze kupitia redio za lugha za wenyeji, na lipokee maombi kwa nukta nundu. Wakati huo huo, fanya kazi ambayo hakuna jopo litakufanyia: watafute watu wanaofaa na kuwasihi waombe. Watetezi wazuri wa haki wana kasoro moja, kwamba wengi wao hudhani nafasi hizi zimekwisha kugawanywa, hawaombi, kisha zinagawanywa kweli. Ibara ya 250 inataka sura ya taifa ionekane katika tume, na mwenyekiti na makamu wake wasiwe wa jinsia moja. Jopo haliwezi kutimiza hayo kwa maombi ambayo halikuyapokea.

Ndani ya chumba cha usaili

Usaili wa tume hii nchini Kenya hufanyika hadharani, na mtu wa kawaida anaweza kwenda kuketi. Nenda na daftari. Chora safu nne katika kila ukurasa: jina la anayesailiwa, saa aliyoanza na aliyomaliza, maswali aliyoulizwa, na mjumbe aliyeuliza. Huhitaji kuandika majibu yote, kwani waandishi wa habari wataandika. Kinachotafutwa ni usawa. Niliwahi kuketi katika usaili wa nafasi ya umma ambapo mwombaji mmoja aliulizwa kwa dakika 50 kuhusu kodi, ndoa na dini yake, na aliyemfuata akaulizwa kwa dakika 15 kuhusu "maono" yake. Hakuna aliyesema neno, lakini daftari lililoonesha saa lilitosha kuandika barua ya kurasa mbili.

Unaweza pia kupendekeza maswali kabla. Mazuri ni yale yanayomlazimisha mtu kutaja alichokwisha kufanya: ni lini alipingana hadharani na mwajiri wake au serikali kwa sababu ya haki ya mtu, na ilimgharimu nini; angefanya nini iwapo polisi wangemzuia mlangoni anapofika bila taarifa kukagua mahabusu; na kama tume imehesabu maiti 39 huku Ikulu ikisema 19, angeita waandishi wa habari saa ngapi. Jibu la "ningeunda kamati ya kulifuatilia suala hilo kwa kina" lina maana yake, nalo liandikwe.

Omba alama zichapishwe kwa kila mwombaji na kila kigezo. Jopo likikataa, omba angalau uthibitisho wa maandishi kwamba kila mjumbe alitangaza mgongano wa maslahi na kwamba aliyekuwa nao hakutoa alama.

Hati ya kiapo ya kupinga

Majina yakifika bungeni, wateule hupigwa msasa na kamati. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 kuhusu uidhinishaji wa teuzi za umma inataka umma uarifiwe kabla ya kikao, na inamruhusu mtu yeyote kumpelekea Karani wa Bunge ushahidi wa kiapo unaopinga kufaa kwa mteule. Ni silaha nzuri inayotumiwa vibaya, kwa sababu wengi hupeleka waraka wa hasira.

Hati inayosomwa huwa fupi. Anza kwa kujitambulisha na kueleza unajuaje unachokisema. Kila aya yenye namba ibebe jambo moja tu. Usiandike kwamba mteule "anajulikana kwa ufisadi". Andika kwamba tarehe fulani, akiwa na wadhifa fulani, alitia saini waraka ulioambatishwa kama kielelezo cha kwanza, na waraka huo ulifanya jambo fulani. Ulilosikia kwa mwingine mwachie mwingine huyo aape mwenyewe. Unganisha kila jambo na sifa inayodaiwa na sheria, kama uadilifu wa Sura ya Sita ya Katiba, vinginevyo wajumbe watasema ni chuki binafsi. Apa mbele ya kamishna wa viapo, peleka kabla ya muda kwisha, na usiondoke bila nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kumbuka kwamba uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai. Jambo usiloweza kulithibitisha liache nyumbani hata kama unaliamini.

Fuatilia kalenda pia. Sheria hiyo hiyo inasema muda uliowekwa ukipita bila Bunge kuidhinisha wala kukataa, mteule huhesabiwa ameidhinishwa. Kukaa kimya kwa kamati ni uamuzi, basi uliza kila baada ya siku chache ripoti imefikia wapi. Iwapo hatua ya lazima ya Katiba ilirukwa, Ibara ya 258 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani. Lakini nenda kabla ya kuapishwa, na uende na lile faili la tangazo, daftari na barua za jopo, kwani bila hilo wakili wako atakuwa na hisia tu za kumwonesha jaji.

Muhula, kuondolewa na nafasi iliyo wazi

Namna mtu anavyoondoka huamua jinsi atakavyofanya kazi akiwa ndani. Kamishna wa Kenya hutumikia muhula mmoja wa miaka sita, haurudiwi, na haondolewi ila kwa sababu zilizotajwa katika Ibara ya 251, baada ya maombi kuwasilishwa kwa Bunge la Taifa na mahakama maalumu kuchunguza na kutoa pendekezo linalomfunga Rais. Kwa Tanzania kipindi ni miaka mitatu, na kamishna anaweza kuteuliwa tena mara moja. Hicho ndicho kiwango cha chini kinachovumiliwa kimataifa, nami nakiona kifupi mno, kwani mwaka wa kwanza ni wa kujifunza na wa tatu ni wa kungojea simu. Tena Ibara ya 130, baada ya kusema tume ni huru, inamruhusu Rais kuipa maagizo akiridhika kwamba maslahi ya taifa yanahitaji hivyo. Anayedai mageuzi Tanzania aanze na vifungu hivyo viwili.

Kuna njia ya kimyakimya zaidi ya kuidhoofisha tume, nayo ni kutoteua. Kabla ya uteuzi wa Septemba 2019, tume ya Tanzania ilikaa muda mrefu bila makamishna. Uganda, mwenyekiti Medi Kaggwa alifariki Novemba 2019 na mrithi wake, Mariam Wangadya, akateuliwa mwaka 2021. Ofisi zilibaki wazi na mishahara ikalipwa, ila maamuzi yanayohitaji makamishna yalikosa wa kuyatoa.

Kwa hiyo siku ya kuapishwa, chukua nakala ya tangazo la Gazeti Rasmi na uandike juu ya jalada la faili tarehe ambayo muhula wa kila kamishna utakwisha. Hesabu miezi sita kurudi nyuma kutoka hapo, weka alama kwenye kalenda, na siku hiyo ikifika peleka barua ya kwanza kuuliza jopo litaundwa lini.